Mkono Ukiwa Kwenye Koki

Nimestaafu. Nimetangaziwa hivyo mbele ya watu, nikapigiwa makofi, nikakabidhiwa blanketi na saa ya ukutani, vitu ambavyo kituo chetu humpa mtu anayeondoka na mvi zake. Mimi mvi sina. Nina meno yote na mtoto anayenyonya. Lakini kwa kuwa wameamua mimi ni mstaafu, basi nitafanya wanayofanya wastaafu. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Gare, blanketi lao liko magotini, na ninawaandikia ninyi mnaobaki kwenye chumba cha presha, kuanzia Zaina hadi wasichana watakaokuja baada yake. Habari za vyeo na mishahara sina. Nitawaambia kazi.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni kubana mawe. Milima hii yetu zamani sana ilikuwa chini, kwenye joto na uzito usiofikirika, na huko mawe hayakukaa kama mawe. Yalitiririka. Ukishuka barabara ya Soni angalia ukuta wa mwamba uliochongwa: utaona mistari myeupe na myeusi imejikunja kama uji mzito uliokorogwa ukaachwa upoe. Kituo chetu kipo ili kujua yalitiririkaje, kwa joto gani, kwa mwendo gani. Tunakata kipande cha jiwe, tunakitia ndani ya chuma kinene chenye oili, tunakibana na kukipasha moto, kisha tunasubiri.

Mama yangu nilipomweleza hivyo mara ya kwanza aliacha kumenya viazi.

"Mnayabana mawe."

"Ndiyo, mama."

"Yakishabanika?"

"Tunaangalia yamekaaje."

"Na serikali inajua?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, fizikia nimefaulu, na kwa mwaka mzima nilikuwa napalilia karoti za baba. Ningekubali hata kuambiwa nikabane mawingu.

Siku ya kwanza nilifika ukungu ukiwa bado umelala kwenye paa la kituo. Mlinzi akanionyesha mlango wa chumba cha presha. Kwenye komeo la mlango palikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa fundo. Nikasukuma, nikaingia, nikamkuta mzee amenipa mgongo, mkono mmoja kwenye mpini wa pampu, mwingine kwenye koki. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mzee."

Kimya. Nikadhani hasikii vizuri.

"Shikamoo mzee."

Kimya. Nikapaza sauti kabisa, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Hakugeuka. Nikaanza kukasirika, na mimi hasira yangu haijawahi kuwa mbali. Nimezaliwa huku milimani, sijawahi kumwona mtu mzima akiacha shikamoo ianguke chini. Nikasema moyoni, kama hapa ndipo wanapoishi watu wa namna hii, narudi kwenye karoti.

Akapampu mara chache za mwisho, akafunga koki, akaijaribu kwa kiganja kama imekaza, akafuta mikono kwa pamba. Ndipo akageuka.

"Marahaba mwanangu. Zote tatu."

Huyo ndiye Mzee Hoza, fundi mkuu wa chumba cha presha, aliyenifundisha kila kitu ninachokijua.

"Hukuona kitambaa mlangoni?"

"Nimekiona. Nimedhani ni cha kufutia mikono."

Akacheka. Kisha akainua mkono wa kushoto, nikaona kidole cha shahada hakipo. Zamani alikuwa kwenye kiwanda cha chai kule Bulwa, kwenye mashine ya kusokota majani. Siku moja mjomba wake, kaka wa mama yake, alitoka kijijini kuja kumtembelea, akaingia hadi ndani. Hoza alikuwa kijana aliyelelewa. Mjomba amesimama, wewe utabaki umeinama kwenye mashine? Akainuka kusalimia. Mwili ukainuka, mkono ukachelewa.

"Kidole changu kiliondoka na shikamoo," aliniambia. "Na mjomba aliitikia. Marahaba alishaitoa kabla ya kuona damu."

Basi alipokuja kwetu aliweka sheria yake. Presha ikiwa inapanda, kitambaa kinafungwa kwenye komeo. Kitambaa kikiwa pale, anayeingia anajua kwamba salamu inasubiri. Awe daktari, awe shehe, awe mchungaji, awe mjomba. Ukishafunga koki, unafuta mikono, unatoka na kusalimia kwa heshima zote, na goti juu yake. Wazee wa Lushoto walikizoea kile kitambaa. Niliwahi kumkuta mzee mmoja, fundi bomba, amekaa kwenye ndoo nje ya mlango anasubiri kusalimiwa, ametulia kabisa.

Wiki ile ile Daktari Halima, mtafiti wetu, aliniita nione kwa nini kazi hii ipo. Alichukua vipande viwili vya marumaru vilivyokatwa kwenye bonge moja, kila kimoja kama betri kubwa ya tochi. Cha kwanza akakibana kikiwa uchi, juu na chini tu. Kikalia pah, kikawa vipande na vumbi. Cha pili akakivisha, akakitia ndani ya oili ili kibanwe pande zote, kisha akakisukuma kwa uzito mkubwa zaidi. Tulipokitoa kilikuwa kizima. Kimefupika, kimevimba katikati kama pipa, lakini kizima, huwezi kuona ufa. Nilikishika mkononi muda mrefu. Jiwe limekuwa kama unga uliokandwa na hakuna aliyeliyeyusha. Mpaka leo hiyo ni kati ya vitu viwili vilivyonishangaza maishani. Cha pili ni Deo, mwanangu, siku alipotoka.

Sasa sikilizeni ya mikono, maana mtasahau. Msumeno wa almasi hunywa maji, na maji ya Lushoto mwezi wa saba yanakata vidole kabla ya msumeno. Vaeni glavu za mpira, pete acheni nyumbani, mume atajua. Ncha mbili za kipande lazima zikae sawa kabisa. Mzee Hoza alinifundisha kukisimamisha dirishani na kuegesha rula ya chuma juu yake: mwanga ukipenya chini ya rula, rudi kwenye jiwe la kusagia. Nilirudi hadi mabega yakawa si yangu. Nilipolalamika alisema, "Mwanga haunijui mimi wala wewe." Miamba yenye punje nyekundu ndiyo yenye ukorofi. Drili ikifika kwenye punje inaruka, inachimba pembeni, kipande kinatoka na tumbo. Hapo msibembeleze. Tupa, anza kingine.

Kipande kikishanyooka kinavishwa soksi. Ndivyo tunavyoiita, soksi ya shaba, nyembamba kama karatasi ya sigara iliyokunjwa mara kadhaa. Soksi ndiyo inayozuia oili isiingie ndani ya jiwe. Oili ikiingia, jiwe linasukumwa kutoka ndani na nje kwa pamoja, na kila ulichokuwa unapima kinakuwa uongo. Soksi inakaa pale ilipo kwa sababu presha ya nje inaibana. Presha ikishuka ghafla, soksi inaachia. Ikiachia, umekwisha. Huwezi kuivuta juu kama ya mwanafunzi.

Ndiyo maana ya koki, na ndiyo maana ya Bibi.

Bibi ni kipande kilichomo kwenye chuma cha mwisho, karibu na ukuta wa nyuma. Kilikatwa kwenye mwamba ule wa barabara ya Soni. Mzee Hoza na mimi tulikiweka pamoja, na tulikiita Bibi kwa sababu hakuna wa kukiharakisha. Vipande vingine tunavibana kwa siku, kwa wiki. Bibi anabanwa taratibu sana, kwa uzito ule ule na joto lile lile, mwaka unaingia mwaka unatoka, ili tuone mwendo ambao hata sindano ya geji haiuoni kwa siku moja. Jaribio la namna hiyo halirudiwi kwa sababu fulani alijisahau. Presha yake huvuja kidogo kidogo, na kila asubuhi lazima ijaziwe: mmoja anasoma geji kwa sauti, mmoja anashika pampu na koki akiwa ameipa geji mgongo, maana chuma hicho kilisimikwa na mtu asiyetumia pampu. Ukiiacha koki katikati ya kujazia, oili inarudi nyuma kwa kishindo. Soksi ya Bibi inaachia, na paipu ikipasuka, ule uzi wa oili unapita kwenye nyama ya mkono kama sindano kwenye khanga.

Mzee Hoza akastaafu, kustaafu kwa kweli, akarudi kwao Bungu na blanketi lililo ndugu na hili langu. Kitambaa akaniachia. Mimi nikakaa kwenye koki, na Zaina, binti wa wauza hoho wa sokoni, akaja kusoma geji. Zaina ana sauti ya kuitia wanunuzi. Sijawahi kumwambia rudia.

Kisha akaja Mkuu mpya wa kituo. Sitasema ni mtu mbaya. Alipaka kuta rangi, akaweka vibao vya kila mlango, vyoo vikaanza kufungwa kwa komeo. Alipofika kwenye chumba cha presha akakishika kile kitambaa kwa ncha za vidole.

"Na hili tambara?"

Nikamweleza.

"Dada, hiki ni kituo cha utafiti. Mgeni akiona tambara mlangoni ataelewa nini?"

"Ataelewa asubiri."

Hakulipenda jibu. Kitambaa kikaenda kwenye pipa la taka. Daktari Halima alibisha kidogo, akaahidiwa taa nyekundu ya umeme. Taa hiyo bado inakuja.

Mwanangu alipozaliwa nilirudi kazini likizo ilipokwisha, na mama mkwe akawa anamleta saa ya kunyonyesha. Nanyonyeshea kwenye benchi karibu na tangi la maji, narudi. Sheria inaniruhusu, si hisani ya mtu na wala sikuomba. Mkuu alikuwa anapita pale na kuangalia juu kwenye miti, kana kwamba mimi ndiye niliyeipanda.

Siku ya mgeni rasmi kituo kizima kilifagiliwa. Viti vya plastiki vikapangwa, wapishi wakaja, na Daktari Halima alikuwa Dar. Mgeni alikuwa mzee wa heshima, mtu mzima sawa na babu yangu, amekuja na msafara wake. Ratiba ilisema chumba cha presha kitatembelewa mwishoni, baada ya chai. Nikasema vizuri, tutakuwa tumeshamjazia Bibi.

Wakabadilisha ratiba, hawakutuambia.

Nilikuwa nimeshafungua koki, Zaina anaita namba, nilipomsikia mwanangu. Mlinzi alikuwa amemzuia mama mkwe asipite mbele ya wageni, akamsimamisha nyuma ya jengo, chini ya dirisha letu. Deo alikuwa na njaa na hakuwa na habari za itifaki. Alilia. Mnaojua kunyonyesha mnajua kinachofuata. Maziwa yakatoka yenyewe, yakalowesha blauzi, yakalowesha koti la kazi, nayasikia yanashuka hadi kwenye mkanda wa sketi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye chuma. Sikuinuka. Nilimsikia mama mkwe anamwambia kwa Kishambaa, nyamaza mwanaume, mama anakuja. Mama hakwenda. Mama alikuwa anapampu.

Mlango ukafunguliwa nyuma yangu.

"Na hiki, mheshimiwa, ndicho chumba cha presha," sauti ya Mkuu.

Viatu vingi vikaingia. Zaina akanyamaza. Nikaona kwa pembe ya jicho magoti yake yanakunjuka, anainuka kwenye kistuli, mdomo umeshaanza shikamoo. Bila namba mimi ni kipofu. Nikamkanyaga mguu.

"Soma."

"Dada, wageni..."

"Soma geji."

Akakaa. Akasoma.

"Mama Deo," Mkuu akasema, kwa ile sauti ya kutabasamu mbele za watu, "tuna mgeni."

Nikapampu.

"Hawa hawasalimii?" mzee akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alishangaa kweli, kama nilivyoshangaa mimi siku yangu ya kwanza.

"Wamezama kazini, mheshimiwa," Mkuu akacheka peke yake.

Zaina akafika kwenye namba yetu. Nikafunga koki, nikaijaribu, nikafuta mikono. Nikageuka, nikapiga goti hadi chini, na koti langu la maziwa. "Shikamoo babu." Alikuwa ameshageukia mlango. "Marahaba," akauambia mlango. Nyuma yake Mkuu aliniangalia kama niliyemmwagia chai.

Ofisini kwake jioni alianza kwa upole.

"Umelelewa Gare, karibu na misheni. Umesoma. Leo mtu wa umri ule anasimama nyuma yako unampa mgongo?"

"Nilimsalimia, Mkuu. Mkono ulipokuwa huru."

"Ungesimama sekunde moja tu."

"Koki haina sekunde moja."

"Umenidhalilisha mbele za watu."

"Mwanangu alikuwa analia chini ya dirisha, Mkuu, ulimsikia. Sikuinuka kwa ajili yake. Ulitaka niinuke kwa ajili yako?"

Hapo upole ukaisha. Akasema kesho, kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, nitasimama na kusema nilikosea. Nisiposema, kituo kitaniruhusu nikapumzike na mtoto wangu.

Nyumbani mume wangu alisikiliza huku akifunga mafungu ya karoti.

"Sema tu, Mama Deo. Neno halikutoi damu."

"Litamtoa Zaina."

Daktari Halima naye alipiga simu kutoka Dar. "Nakuelewa, mdogo wangu. Lakini sema pole, yaishe, nikirudi nitaliweka sawa." Nampenda Daktari Halima. Nilikata simu.

Nikampigia Mzee Hoza kule Bungu. Nikamsalimia, nikamsimulia. Akauliza swali moja.

"Uliinuka?"

"Sikuinuka."

"Haya," akasema, na akaanza kunieleza habari za maharage yake.

Nataka mnielewe vizuri, maana mjini kuna maneno. Shikamoo sikuikataa. Ningekwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa yule mzee nikampigie goti sebuleni kwake, asubuhi na jioni, hadi achoke kuitikia. Kuomba radhi kwa kuchelewa naweza. Nilichotakiwa ni kusema nilikosea, na Zaina akiwa amekaa pale anasikia. Siku akishika koki yeye, angeingia mkubwa mwingine, na Zaina angeinuka, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshamwambia kubaki umekaa ni kosa. Bibi angekufa siku hiyo. Na mkono wa Zaina ungekuwa kama wa Mzee Hoza, au usiwe kabisa.

Kikaoni nilisimama. "Mgeni alipoingia mkono wangu ulikuwa kwenye koki. Nilipofunga nilimsalimia. Akija kesho nitafanya hivyo hivyo." Nikakaa. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Nimeshaambiwa ni nani, na namshukuru kwa kikohozi chake.

Basi ndipo nikawa mstaafu. Kwa manufaa ya kituo, ndivyo walivyosema. Sherehe ikafanywa, soda na keki, na Mkuu akahutubia kwamba Mama Deo ni kama mawe yetu, amebanwa na hakuvunjika. Watu wakapiga makofi. Mimi si jiwe. Jiwe halinyonyeshi na halifukuzwi. Nilikula keki yangu, nikabeba ya mama mkwe kwenye leso.

Baada ya soda nilitaka kuchukua mabuti yangu chumba cha presha. Mkuu akanisindikiza, nadhani kuhakikisha narudisha ufunguo. Deo nilikuwa nimembeba mgongoni. Mkuu akasukuma mlango, akatangulia, nami nikafuata.

Zaina alikuwa ametupa mgongo. Mkono mmoja pampu, mwingine koki. Kwenye kistuli alikaa msichana mpya, wa kutoka Soni, anasoma geji. Msichana alipomwona Mkuu akaacha namba katikati, akaanza kuinuka.

"Soma," Zaina akasema.

Akasoma.

"Zaina," Mkuu akaita.

Zaina akapampu.

Mkuu akaniangalia. Mimi nikaangalia geji, tabia ya siku nyingi. Akaangalia komeo la mlango, mahali palipokuwa na kitambaa. Deo akaanza kulalamika mgongoni, nikamtikisa.

"Inachukua muda gani?" Mkuu akaniuliza, na nikagundua ananong'ona.

"Mpaka iishe."

Akasimama. Aliweka mikono nyuma, kama mtu aliyechelewa ibada akabaki mlangoni, na akasubiri. Mimi nikasubiri. Deo akasubiri kwa kelele zake. Ndani ya chuma chake Bibi alikuwa anatiririka, taratibu kuliko sote.

Zaina akafunga koki. Akaijaribu kwa kiganja. Akafuta mikono, akageuka, akapiga goti vizuri kabisa, hakuna mama wa Lushoto ambaye angepata la kusema.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba," akasema, na akatoka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Zaina."

Sijui kama naye atastaafishwa. Mablanketi stoo yapo ya kutosha. Nilivaa mabuti yangu, nikafungua mbeleko ya Deo, nikapasua upande mmoja kwa meno, nikaufunga kwenye komeo la mlango, mafundo mawili. Rangi yake ni ya njano, ya maua, na ina doa la uji. Taa ya umeme ikija mtaiweka juu yake.

Atakayekiondoa kile kitambaa asikitupe kwenye pipa. Akilete hapa Gare, nyumba ya kwanza baada ya shamba la karoti, anikabidhi mkononi. Nitampokea, nitampa kiti. Kama nitakuwa namnyonyesha mtoto, atasubiri.